Mtoro Sugu wa Darasa la Jinai

Mgeni aliingia darasani kwetu saa mbili na dakika kumi asubuhi, bila kubisha hodi, akiwa na futikamba, daftari kubwa lenye jalada la kijani, na sauti ndogo kiasi kwamba tulidhani anaomba maji ya kunywa.

"Sema tena, ndugu," alisema Profesa Mbelwa, chaki mkononi.

Mgeni akasema tena. Midomo yake ilikwenda vizuri sana, ila sauti ilibaki ndani. Waliokaa mstari wa mbele ndio walioambulia maneno, wakaturushia sisi wa nyuma kidogo kidogo: anaitwa Bwana Tungaraza, ametoka Idara ya Viti Vitupu, amekuja kukagua.

Nieleze kidogo, maana huenda msomaji anatoka nchi ambayo haijaendelea. Kwetu kiti kitupu ni jambo zito. Mkuu wa Nchi aliwahi kuhutubia uwanja wa michezo akaona viti kumi na saba havina watu. Aliugua siku tatu, na redio ikatutangazia joto la mwili wake kila saa. Tangu hapo ikaundwa Idara, yenye wakurugenzi wanne, kuhakikisha kila kiti cha umma kina mtu au kina maelezo. Mimi naiona ni idara nzuri. Nchi nyingine hazijui hata zina viti vingapi.

Bwana Tungaraza alipita katikati yetu akihesabu kwa kidole, mpaka akafika kiti cha mwisho cha mstari wa mbele, kilicho karibu na mlango. Kilikuwa kitupu. Akakipima urefu, akakipima upana, akainama akapima na kivuli chake.

"Cha nani hiki?" akanong'ona.

Nilisimama, kwa kuwa mimi Zawena ndiye niliyekuwa kiongozi wa darasa, na kiongozi wa darasa hujibu hata kwa niaba ya samani. "Ni cha Mansuri Kitwana Lugome, bwana mkubwa. Hajafika bado."

"Hajafika tangu lini?"

"Tangu miaka kumi na moja iliyopita. Ndivyo tulivyoambiwa na waliotutangulia."

Kalamu yake ilisimama juu ya daftari. Nilimtazama Profesa nikitegemea atacheka, kama alivyozoea kuwacheka wakaguzi. Hakucheka. Alikuwa akimtazama yule mgeni kama mtu aliyesikia hatua za miguu kwenye chumba anachojua hakina mtu. Chaki ikamkatikia mkononi.

*

Kabla ya kufundisha, Profesa Faraji Mbelwa alikuwa wakili wa mahakamani kwa miaka ishirini na miwili. Wazee wanasema mshtakiwa akisikia Mbelwa amechukua kesi yake, alikuwa anaagiza pilau nyumbani kabla ya hukumu. Halafu siku moja alitundika joho lake msumarini, nyuma ya mlango wa chumba cha mawakili, akavuka barabara, akaja chuoni kwetu kufundisha sheria ya jinai.

Ni kazi nyepesi kwetu. Uhalifu ulifutwa nchini kwa tangazo, siku ya Jumanne, na somo la jinai limebaki kwenye mtaala kwa ajili ya kupendezesha. Magereza yalibadilishwa jina yakawa Hosteli za Tafakuri. Zimejaa mpaka kwenye korido, jambo linaloonyesha jinsi wananchi wetu wanavyopenda kutafakari.

Kila kipindi cha Profesa kilianza namna moja. Alifungua mlango, akasimama kizingitini, akaita kuelekea koridoni kwa sauti ya mahakamani, sauti inayogonga ukuta wa mwisho na kurudi:

"Mansuri Kitwana Lugome!"

Mara tatu. Kati ya mara moja na nyingine alisubiri. Halikuwa pumziko la mtu anayevuta pumzi. Alisubiri kiasi cha mtu kuinuka kwenye benchi lililo mwisho wa korido na kufika mlangoni akitembea polepole, hatua fupi fupi, kama mwenye kitu kizito miguuni. Baada ya mara ya tatu alifunga mlango taratibu, asije akambana mtu vidole, akasema, "Tuendelee."

Wanafunzi wapya hucheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili hawacheki. Wiki ya tatu hakuna anayethubutu kuweka mkoba kwenye kile kiti, na mvua ikivuja juu yake kuna mtu atakifuta kwa leso yake bila kuambiwa. Wako waliosema kwamba jina likiitwa mara ya pili, benchi la koridoni hulia kama benchi lililoinukiwa. Mimi ni mtu niliyesoma, siamini mambo hayo. Lakini nililisikia.

*

Sababu alituambia mara moja tu, kwenye somo la haki ya mshtakiwa kuitwa.

"Mansuri alikuwa fundi wa vipaza sauti," alisema, ametupa mgongo, anafuta ubao usiokuwa na maandishi. "Alitengeneza vya misikiti, vya makanisa, vya mpira. Siku ya sherehe za taifa wakamwita. Mkuu wa Nchi akasimama, akasema, 'Ndugu wananchi, nawaahidi…' Kipaza sauti kikazimika. Midomo ikawa inakwenda, watu hawasikii kitu, dakika ishirini nzima. Kikarudi kwenye maneno haya: '…na hayo yote nimeyatimiza.'"

Darasa zima lilibana midomo.

"Ndiyo," alisema Profesa. "Watu elfu arobaini nao walijaribu kubana. Wakashindwa."

Mansuri akashtakiwa kwa kusababisha kicheko cha umma. Adhabu yake ni kuondolewa. Niseme wazi kwamba kwetu hakuna mtu anayenyongwa, unyongaji ulifutwa zamani kwa kuwa ni ukatili. Mtu huondolewa tu, asubuhi, baada ya chai, na familia hupelekewa barua ya shukrani.

Lakini sheria zetu ni za haki. Hakuna mtu anayehukumiwa bila kuitwa. Karani hufungua mlango wa mahakama, akamwita mshtakiwa mara tatu kwa jina lake kamili. Asipoitika, amejihukumu mwenyewe, na jaji huenda kula.

"Karani akafungua mlango," alisema Profesa. "Mansuri yupo koridoni, hatua kumi, amekaa kwenye benchi, pingu miguuni, amevaa shati jeupe alilopigiwa pasi na mama yake. Karani akamwita mara tatu." Aligeuka akatutazama. "Kwa kunong'ona. Ndivyo alivyoelekezwa. Hata inzi asingegeuka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na karani, nikausikia ule mnong'ono. Jaji akaniuliza, 'Wakili, una la kusema?'"

Tukasubiri.

"Nikasema, 'Sina, mheshimiwa.'"

"Kwa nini, Profesa?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Nilifikiri nitalisema kwenye rufaa. Kwenye rufaa mtu ana nafasi, anaandika vizuri, anapanga hoja."

"Na rufaa ilikuwaje?"

"Ilisikilizwa mwezi mmoja baada ya kuondolewa kwake," alisema Profesa. "Tulishinda."

Akaweka kifutio chini.

"Walipompitisha mbele yangu, hakunigombeza. Aliniuliza tu, 'Wakili, mbona hawajaniita? Nimekaa pale tangu asubuhi, nilikuwa najiandaa kuitika.' Akasema, 'Basi utaniita wewe?' Nikamwambia, 'Nitakuita.'" Alipangusa vumbi la chaki kwenye shati. "Haya. Fungueni ukurasa wa sitini na nne."

Kuna jambo moja zaidi. Aliyeondolewa, jina lake hufungiwa kwenye Kabati la Majina, na haliruhusiwi kutamkwa ndani ya jengo lolote lenye bendera. Chuo chetu kina bendera tisa. Kwa miaka kumi na moja wakubwa wa chuo hawakujua kinachoendelea, kwa sababu ya kawaida kabisa: hakuna mkubwa aliyewahi kupita karibu na darasa.

*

Ripoti ya Bwana Tungaraza ilimfikia Makamu Mkuu wa Chuo siku ya Jumatano, na Makamu Mkuu akashindwa kumaliza maandazi. Chuo chenye heshima, chenye geti la marumaru, kinafuga mtoro wa miaka kumi na moja!

Barua ya onyo ya kwanza ilibandikwa kwenye kile kiti. Kiti hakikujibu. Ikabandikwa ya pili, yenye wino mwekundu. Kiti kikanyamaza. Baada ya ya tatu, ukimya huo ulitafsiriwa kuwa kiburi, na Kamati ya Nidhamu ikaitishwa.

Profesa alikuja amevaa joho lake la uwakili. Lilikuwa limeliwa na nondo begani, na mwanga ulipenya kwenye matundu. Tulijipanga koridoni kumpisha.

"Shikamoo, Profesa," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mdomo umenikauka. Miaka yote hii sijasimama mbele ya watu wenye meza."

Makamu Mkuu alifungua kikao kwa hotuba. Nilikuwa ndani, kwa kuwa niliitwa kutoa ushahidi, na niliiandika yote, maana ilinigusa.

"Wasomi wenzangu," alisema, "taifa ni nini kama si watu waliokaa? Mtu akikaa, taifa limekaa. Mtu asipokaa, taifa limesimama. Na taifa lililosimama, ndugu zangu, huumwa miguu!" Wajumbe wakapiga meza. "Huyu kijana tumempa kiti. Tumempa paa. Mvua ikimnyeshea kupitia paa hilo, ni yeye tu hayupo kunyeshewa! Shahidi, wewe kiongozi wa darasa. Umewahi kumwona mwanafunzi huyu?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Lakini tunamwekea nafasi."

"Kwa nini?"

Nilifikiri jibu la kisheria, sikulipata. "Asije akafika akakosa pa kukaa," nilisema.

Mjumbe mmoja alikohoa. Makamu Mkuu akaagiza mtuhumiwa aitwe mlangoni, mara tatu, kama kanuni zinavyotaka. Katibu wa kamati akasimama, akafungua jalada, akasoma jina, akalifunga haraka kama aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu. Akamnong'oneza Makamu Mkuu. Wakanong'onezana wote. Jina limo kabatini. Kulitamka ndani ya jengo hili ni kosa. Kutolitamka, kikao ni batili. Waliinamiana robo saa nzima, mpaka mmoja akakumbuka kwamba serikali ina mtaalamu.

Bwana Tungaraza aliinuka pembeni alikokuwa akihesabu viti. Alikwenda mlangoni, akaufungua nusu, akapeleka midomo kwenye mwanya. Mabega yake yakapanda na kushuka mara tatu. Hatukusikia kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa ile chaki iliyokatika. Nilielewa pia kwa nini mtu asiyesikika alipandishwa cheo mara nne.

"Hajaitika," alisema Makamu Mkuu. "Amejihukumu mwenyewe. Mtetezi, una la kusema?"

Profesa alikuwa ameshika ukingo wa meza. Sikumwona akitazama kamati, alimtazama Bwana Tungaraza, karani aliyenong'ona siku ile mahakamani, na karani alitazama viatu vyake.

"Ninalo," alisema Profesa. "Ninalo, mheshimiwa. Napinga. Mtu huyu hakuitwa. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikasikia kwamba hakuitwa."

"Pingamizi lako limechelewa, Profesa. Mlango umeshafungwa."

"Limechelewa miaka kumi na moja. Naomba liandikwe hivyo hivyo."

"Lakini mtu mwenyewe hayupo duniani!"

"Basi mnamfukuza nani, mheshimiwa?"

Katibu aliandika haraka. Baadaye niliona kumbukumbu za kikao. Aya ya saba ilisema: *Mtetezi amekiri kwamba mtuhumiwa hayupo hata duniani, jambo linalodhihirisha ukubwa wa utoro wake.*

Mansuri Lugome alifukuzwa chuo kwa kura zote. Kiti kiling'olewa, pakabaki matundu manne sakafuni. Profesa alistaafishwa kwa heshima kubwa, na sehemu ya heshima hiyo ilikuwa amri ya kutovuka tena lile geti la marumaru.

*

Nilimsindikiza mchana huo. Alibeba boksi lenye vitabu viwili, kikombe, na joho lililokunjwa.

"Sasa nani atamwita?" nilimuuliza.

"Nitamwita nyumbani. Kuku watashangaa."

"Nyumbani si mlangoni, Profesa. Yeye alitaka aitwe mbele ya watu."

Mlinzi alikuwa ameshaanza kufungua geti, anatutazama.

"Mwezi wa kumi na moja ni mahafali," nilisema. "Mwanafunzi bora ndiye husoma majina ya wahitimu. Mimi naongoza. Nitamwita."

"Usiahidi, Zawena. Mimi niliahidi neno moja tu. Niangalie."

"Ni jina tu, si mzigo."

"Ndivyo nilivyofikiri na mimi." Aliliweka boksi chini. "Mwanangu, wewe una mama anayekusubiri na hicho cheti. Mwache Mansuri. Ni wangu."

"Mara tatu," nilisema. "Kwa sauti."

Akasema polepole, kama anayefundisha, "Na usubiri. Mtu akiita asisubiri, hajaita."

*

Mama yangu alikuja mahafali na fremu. Alishapigilia msumari ukutani nyumbani, juu ya redio, akaja na fremu yenyewe ameikumbatia kifuani, kioo kikimulika watu macho, kwa kuwa alitaka cheti kiingie humo kabla hakijapata chembe ya vumbi. Alikaa mstari wa tatu. Kila aliyepita alimwambia, "Ndiye wangu yule, mwenye maikrofoni."

Makamu Mkuu alinipa orodha iliyopigwa muhuri kila ukurasa. "Majina mia tatu na kumi na mawili," alisema. "Usiongeze hata nukta. Ukimaliza, nitakukabidhi cheti chako mimi mwenyewe, mbele ya wote. Nimekishika hapa."

Kweli alikuwa amekishika.

Nilisoma mia tatu na kumi na mawili. Nilisoma vizuri, nikasikia vigelegele vya mama wa kila mmoja. Nikafika mwisho wa ukurasa, kwenye muhuri. Hapo ningeweza kushuka. Ngazi zilikuwa tatu. Nilimwona mama yangu ameshafungua nyuma ya fremu, tayari.

Ninaipenda nchi yangu, naomba ieleweke. Naamini kwamba siku moja itajua majina ya watu wake wote. Labda ndiyo maana miguu yangu haikushuka.

"Mansuri Kitwana Lugome!"

Jina lilitoka kwenye vipaza sauti vyote vya ukumbi, likagonga dari. Halafu kila kitu kikazimika, taa nyekundu ya maikrofoni ikafa mkononi mwangu. Tangu fundi wetu aondolewe, vipaza sauti vya nchi hii watu wanajua kuvizima tu.

Nilisubiri. Nilimhesabia hatua zake, fupi fupi, kutoka benchini. Watu wakaanza kuulizana.

"Shuka, binti," alisema Makamu Mkuu nyuma yangu, akitabasamu kwa ajili ya wapiga picha. "Umechoka. Shuka."

Niliweka maikrofoni chini.

"Mansuri Kitwana Lugome!"

Sauti yangu tupu ilikuwa ndogo kwenye ukumbi ule. Iliishia mstari wa kumi au wa kumi na mbili. Mama yangu alijiziba mdomo. Mwisho kabisa wa ukumbi, kwenye mlango mkubwa uliofungwa, alisimama Bwana Tungaraza na daftari lake la kijani. Nilimwona ananitazama. Yeye alijua, kuliko wote ukumbini, kwamba imebaki mara moja.

"Cheti ninacho mimi," alisema Makamu Mkuu, sasa bila tabasamu. "Unanisikia? Ninacho mimi."

Bwana Tungaraza aliweka daftari sakafuni. Akashika komeo, akalisukuma, akafungua mlango mkubwa pande zote mbili. Baadaye aliandika kwenye ripoti kwamba ukumbi ulikuwa na joto. Walimhamishia wilaya isiyokuwa na viti. Lakini wakati ule mwanga wa mchana uliingia mpaka jukwaani, nikaona bustani, nikaona barabara ya chuo imenyooka hadi kwenye geti la marumaru, na nje ya geti, mikono imeshika vyuma, nikaona mzee amevaa joho jeusi linalopenyeza mwanga begani.

Nilivuta pumzi ya kutosha kufika pale.

"Mansuri Kitwana Lugome!"

Yule mzee getini alivua kofia. Na mimi nikaanza kusubiri, kama nilivyofundishwa. Ukumbi ulikuwa umetulia kiasi cha kusikia bendera. Nyuma yangu nilisikia karatasi ngumu ikichanwa, taratibu, kutoka juu hadi chini. Sikugeuka. Mtu mwenye pingu miguuni hawezi kukimbia, na alikuwa bado hajafika mlangoni.